Shimo Lisilo na Maji

Baada ya swala ya isha mjomba wangu alikunjua mchoro juu ya mkeka, akaukandamiza pembe zake tatu kwa birika la chai, tochi na simu zake mbili. Pembe ya nne niliishika mimi. Ilikuwa karatasi kubwa, imechakaa kwenye mikunjo, yenye ramani ya jengo la ghorofa saba lililoko Eastleigh, Nairobi: maduka chini, ofisi juu, lifti moja, matangi ya maji kwenye paa.

"Abti," akaniambia. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo moja. "Mchoro tunao. Ploti ninayo. Fundi nimempata. Wewe umekaa kwenye mjengo Nairobi miaka kumi na miwili. Nataka unisimamie, jengo hili lisimame hapa Elwak kabla ya mvua za mwaka ujao."

Hesabu yake ya biashara sikuwa na neno nayo. Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, ofisi za kaunti, mashirika ya misaada, benki na mawakala wa pesa za simu wote wanatafuta vyumba vya kupanga, na Elwak iko kwenye barabara ya kutoka Wajir kwenda Mandera, mpaka wa Somalia ukiwa mlangoni. Atakayejenga ofisi nzuri atapata wapangaji. Lakini niliposikia ghorofa saba, katika mji ambao vitu virefu ni minara ya misikiti na milingoti ya simu, nilimwuliza jambo moja tu.

"Abti, chini ya ploti yako kuna nini?"

"Kuna ardhi."

"Ardhi gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Ardhi ya Elwak," akasema.

Usiku ule nilimsimulia habari za majengo ya watu wengine, kwa sababu mtu mzima humwambii "hujui" akiwa amekukaribisha chai nyumbani kwake. Unamweleza yaliyowapata wenzake, naye anajipimia mwenyewe. Nazieleza tena hapa kwa kuwa najua mchoro kama ule haukuwa mkononi mwake peke yake. Uko Garissa, uko Wajir, uko Mandera mjini, unapitishwa kwa simu kutoka kwa binamu hadi kwa binamu.

Nilianza na shimo la Upper Hill.

Upper Hill ni kilima kilicho ng'ambo ya Barabara Kuu ya Uhuru, ukitoka katikati ya Nairobi. Mimi nilipofika jiji hilo kutafuta kazi, kilima chote kilikuwa kreni na vumbi. Mnara wa UAP Old Mutual ulipanda hapo hadi mita 163. Ukafuata mnara wa Britam, mita 200 ukihesabu na mlingoti wake, uliokamilika mwaka wa 2017. Basi Mei ya mwaka huohuo Rais Uhuru Kenyatta akaenda Upper Hill kuzindua ujenzi wa mnara mwingine wa kuipita yote. Uliitwa The Pinnacle, maana yake kilele. Wenye mradi walikuwa Hass Petroleum, kampuni ya mafuta ya hapahapa Kenya, pamoja na White Lotus ya Dubai. Ungekuwa na hoteli ya Hilton, ofisi, makazi, na mahali pa kutua helikopta huko juu kabisa. Ghorofa zingefika 70 hivi na urefu ungezidi mita 300. Gharama ilitajwa kuwa shilingi bilioni 20. Hakuna jengo Afrika wakati ule lililokuwa na urefu huo. Lililoongoza ni Carlton Centre la Johannesburg, mita 223, lililojengwa miaka ya 1970.

Picha za mnara ule zilizagaa kila mahali. Wengi wetu kutoka kaskazini mashariki tulifurahi kwa namna ya pekee, maana jina la Hass tulilijua kuwa la nyumbani. Tulisema: sasa na sisi tumepanda.

Tingatinga zikaingia, shimo likachimbwa, na kina kikawa kirefu kweli. Haukupita muda mrefu mgogoro wa umiliki wa kiwanja ukafika mahakamani. Kazi ikasimama. Ilipangwa imalizike ndani ya miaka mitatu hivi, miaka hiyo ikaisha, ikaja mingine, na mahali palipoahidiwa kilele pamebaki chini ya usawa wa barabara. Haki ni ya nani katika kesi ile si kazi yangu kuamua. Ninalotaka mtu alione ni mpangilio wa mambo: rais amekwisha kuja, picha zimekwisha kusambaa, udongo umekwisha kutolewa, kisha ndipo watu wanaketi kubishana kiwanja ni cha nani.

Nilikuwa nikipita karibu na pale nikienda kazini. Jioni moja nilisimama kando ya uzio wa mabati nikachungulia kwenye upenyo. Sikuwaza kuhusu Nairobi hata kidogo. Niliwaza kuhusu Elwak, kwa sababu sisi ni watu wa mashimo. Jina lenyewe la mji, Ceel Waaq, ni visima vya Mungu. Visima vile vilichimbwa kwa mkono kwenye mwamba kabla ya babu wa babu zetu. Wazee husema waliovichimba ni Madanle, watu waliokuwa hapa kabla yetu, wakaondoka wakaacha maji yao. Ukisimama ukingoni mwa kisima cha zamani utaona mifereji midogo iliyochorwa kwenye jiwe na kamba, ndoo baada ya ndoo, kizazi baada ya kizazi. Ukiweka kidole ndani ya mfereji mmoja, kinazama hadi kiungo cha pili. Kwetu mtu hachimbi shimo mpaka aulize: maji yapo? Haki ya kuchota ni ya nani? Ukoo gani utanywesha siku gani? Hayo yakisemwa na kukubaliwa ndipo mchimbaji anavua shati. Shimo la Upper Hill lilichimbwa kabla ya maswali, nalo halina hata maji ya kumnywesha mbuzi.

Mjomba alinyamaza, kisha akasema, "Ploti yangu ina karatasi." Nikamwambia alhamdulillahi, tuendelee, maana karatasi ya ardhi inakuambia mwenyewe ni nani, haikuambii ardhi yenyewe inaweza kubeba nini.

Nikamweleza la Hazina. Hili liko katikati ya Nairobi, karibu na bustani ya Jeevanjee. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ilikuwa na jengo fupi pale, chini kukiwa na supamaketi yenye shughuli nyingi. Ikaamuliwa kwamba jengo hilo lipandishwe juu, lipite ghorofa 30. Mkandarasi akapatikana mwaka wa 2013 na mabilioni yakatengwa. Kwenye karatasi inaonekana rahisi, kama kumwekea ngamia mzigo mwingine juu ya mzigo. Ila ghorofa mpya hazielei hewani. Uzito wake wote unashuka kwenye nguzo zilezile za zamani. Nguzo hizo zilihitaji kunenepeshwa, na ili uinenepeshe nguzo ni lazima uingie inaposimama, nayo ilisimama katikati ya rafu za supamaketi ya mpangaji mwenye mkataba. Ugomvi ukazuka, kesi zikaenda, kamati za Bunge zikauliza maswali, mkaguzi mkuu wa hesabu akaandika. Mwisho mpango ukakatwa hadi ghorofa 15. Ile ilikuwa pesa ya wafanyakazi wa Kenya, makato yanayotolewa kwenye mshahara wa kila mwezi, wa mlinzi na wa mwalimu na wa dereva. Jambo hili huniuma kila ninapolikumbuka, kwa sababu swali la nguzo lingeweza kujibiwa na mhandisi mmoja mwenye michoro ya zamani kabla shilingi moja haijatoka.

Hapo mjomba alinikatiza. Alitaka kujua kwa nini nguzo iliyobeba miaka mingi bila ufa ishindwe kubeba kidogo zaidi. Swali ni zuri, na wanaouliza hivyo ni wengi. Nilichukua kalamu nikamfanyia hesabu pembeni mwa mchoro wake.

Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Chukua chumba kimoja tu cha mita nne kwa nne, slabu yake ikiwa na unene wa sentimita 15. Slabu hiyo peke yake, bila kuta, bila vigae, bila meza wala mtu, ni karibu tani sita. Ngamia dume mzima ana nusu tani hivi. Kwa hiyo juu ya kila chumba umewalaza ngamia kumi na wawili. Ghorofa ya pili ina kumi na wawili wengine. Ukifika ya saba, nguzo za chini zinazozunguka chumba hicho kimoja zimebebeshwa ngamia zaidi ya themanini, na bado hujajenga ukuta. Anayeongeza ghorofa moja huiona moja hiyo tu, kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yake. Nguzo ya chini inaziona zote.

"Themanini," mjomba akarudia. Yeye amekua na ngamia. Namba hiyo ilimwingia kuliko kilo zangu zote.

Basi nikamweleza la Dar es Salaam, nalo sikulipamba. Tarehe 29 Machi 2013, asubuhi ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilishuka chini lote. Lilikuwa jirani na msikiti wa Waislamu wa Shia Ithnaasheri, na watoto walikuwa wakicheza uwanjani pale karibu. Watu 36 walikufa. Rais Jakaya Kikwete alifika, askari na raia wakachimba kwa mikono na kwa mashine. Taarifa za siku zile zilisema kibali kilichotolewa kilikuwa cha ghorofa 10. Hizo sita za juu zilikuwa nje ya kibali, na kila moja iliongezwa siku yake, na mtu fulani akasema inatosha kubebwa.

Miaka minane baadaye, tarehe 1 Novemba 2021, mtaa wa Ikoyi huko Lagos, jengo la ghorofa 21 lilianguka likiwa bado kwenye ujenzi. Kibali kilikuwa cha 15. Waliokufa walizidi 40, na mwenye mradi mwenyewe alikuwa ndani.

Hapa lazima niseme kwamba jengo kubadilika wakati wa kupangwa si dhambi. Jumba la mikutano la KICC la Nairobi, kazi ya Mnorwe Karl Henrik Nøstvik na Mkenya David Mutiso, lilianza kama wazo la makao makuu ya chama cha KANU, dogo kuliko tunaloliona leo. Likakua, likafika ghorofa 28 na mita 105, na Septemba 1973 likapokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Kukua kwake kulifanywa mezani, kwa penseli na hesabu, na msingi ukafuata hesabu. Zaidi ya miaka hamsini imepita nalo lingali limesimama. Tofauti yake na lile la Indira Gandhi ni mahali zilipoongezwa ghorofa: moja ziliongezwa kwenye mchoro, jingine ziliongezwa juu ya nguzo zilizokwisha kukauka.

Birika lilikuwa limepoa. Shangazi akatuletea jingine, akauliza kwa nini tunazungumza habari za vifo usiku. Mjomba akamwambia tunajenga.

Sasa nikaja kwenye udongo wetu wenyewe, ambao ndio nilioutaka tangu mwanzo. Mchoro wa Eastleigh ulichorewa Nairobi. Nairobi chini ina mwamba wa volkano. Juu yake mara nyingi upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, lakini wajenzi wa huko wanaujua: wanauchimba wote wautupe mpaka wafike kwenye mwamba. Anayetuma mchoro wa Nairobi kuja Elwak anatuma nyumba bila kutuma mwamba wake.

Elwak chini kuna chokaa na kuna jasi. Jasi yetu ni nyingi, inajulikana na wanajiolojia tangu zamani. Watoto wanaokota vipande vyake vinavyong'aa kama vioo, wanavimenya tabaka kwa tabaka kwa kucha. Ni jiwe jororo kiasi hicho. Na ina tabia mbili ambazo mjenzi akizipuuza zitamfuata.

Kwanza, jasi huyeyuka. Lita moja ya maji hubeba gramu mbili na zaidi kidogo za jasi ikaondoka nazo. Ni kidogo, kama nusu kijiko cha chai. Lakini maji yakipita mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye paa, kutoka kwenye choo, kutoka kwenye bomba linalovuja, yanakula ardhi kutoka chini na juu huoni kitu. Pango linakua, na siku moja kiatu cha nguzo kinajikuta kimekaa juu ya uwazi. Mwenye jengo atasema lilianguka ghafla, kumbe lilikuwa likianguka tangu siku ya kwanza ya mvua.

Pili, jasi ni salfeti, na salfeti ikiingia kwenye zege la saruji ya kawaida hukutana na viungo vya ile saruji, ikazaa fuwele mpya zinazohitaji nafasi kubwa kuliko iliyokuwepo. Zege linavimba ndani kwa ndani, linachanika, linakuwa kama mkate uliolowa. Jambo la kustaajabisha ni kwamba jasi hiyohiyo imo ndani ya kila mfuko wa saruji. Kiwandani husagwa pamoja na klinka, yale mawe yaliyochomwa ya saruji, asilimia tatu hadi tano hivi, ili saruji isigande mara inapoguswa na maji na fundi apate muda wa kuimwaga. Hiyo ndogo ni rafiki. Ile iliyoko chini ya ploti ya mjomba, inayoendelea kuingia kila mwaka kupitia unyevu, ni kama mpishi aliyetia chumvi kijiko kimoja, kisha kila apitaye jikoni akaongeza chake.

Mjomba ana duka, na bidhaa zake huzifuata Dubai. Kwenye simu yake ana picha aliyopigwa mbele ya Burj Khalifa, kichwa kimeinuliwa. Akasema, "Na kule Dubai si jangwa kama hapa? Mbona wamefika juu hivyo?"

Nilifurahi alipouliza. Burj Khalifa, lililofunguliwa Januari 2010, lina mita 828, na ardhi yake ni mbaya pengine kuliko yetu: maji ya chini yana chumvi nyingi kuliko bahari, na salfeti pia. Walioujenga mnara ule walilijua hilo kabla ya kumwaga zege. Walichimba na kupima. Wakashusha nguzo za ardhini zaidi ya 190, kila moja upana wa mita moja na nusu, zikazama zaidi ya mita 40. Juu ya nguzo hizo wakamwaga bamba moja la zege lenye unene wa mita 3.7, mrefu kuliko kimo cha watu wawili waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Zege lenyewe lilitengenezwa liwe zito na lisilopenyeka, msingi ukazungushiwa utando wa kuzuia maji, na vyuma vilivyomo vikawekewa mfumo wa umeme mdogo wa kuvikinga na kutu. Mjomba alipiga picha sehemu inayoonekana. Sehemu inayoishikilia haijawahi kupigwa picha na mtalii yeyote.

"Sisemi usijenge, abti," nikamwambia. "Nasema tuiulize ardhi kwanza."

Kuna jambo moja nililiona kwa macho yangu huko Nairobi, nikalitoa usiku ule ingawa linanitia aibu. Kwenye mjengo, kila zege linapomwagwa, kiasi kidogo hujazwa kwenye vikasha vya chuma vya mchemraba, sentimita 15 kila upande. Vipande hivyo hulowekwa majini, baadhi vikapondwa kwa mashine siku ya saba na vingine siku ya ishirini na nane, ijulikane zege lina nguvu gani. Katika kazi moja niliyosimamia nikiwa kijana, asubuhi ya kumwaga slabu nilimkuta mtu kwenye kivuli cha kontena akichanganya zege lake peke yake kwenye karai, saruji ikiwa nyingi, maji kidogo, kokoto zimechekechwa. Alikuwa akijaza vikasha. Vipande vile vilipopelekwa maabara vilifaulu vizuri sana. Lile lililomwagwa kwenye slabu lilikuwa jingine, limetiwa maji kwa bomba ili liteleze haraka. Nilisema, nikaambiwa ninyamaze, nikanyamaza wiki mbili kisha nikaacha kazi. Wiki hizo mbili bado ninazo. Jengo lipo, watu wanafanya kazi ndani yake, nami nikipita mtaa ule huvuka upande wa pili.

Kwa hiyo mtu akinionyesha cheti cha maabara, namwuliza nani alijaza kikasha. Akinionyesha muhuri, namwuliza mhandisi alifika lini kwenye kiwanja, na viatu vyake vilikuwa na matope? Kenya haina upungufu wa sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ipo kwa sheria ya 2011, bodi ya wahandisi ipo, kaunti ina idara ya kupitisha michoro, na mahali pa kanuni za ujenzi zilizokuwa za tangu 1968 pamechukuliwa na kanuni mpya za 2024. Huruma, Nairobi, sheria zilikuwepo pia usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa iliponyesha na nyumba ya ghorofa sita iliyosimama kando ya mto ikaanguka na wapangaji wake wakiwa ndani. Mama yangu, ambaye hajawahi kusoma sheria, asingekubali kusimamisha hata aqal kando ya laga, mto wa msimu. Aqal ni nyumba ya miti iliyopindwa na mikeka, inayobebwa na ngamia mmoja na kusimamishwa kabla jua halijazama, naye alikuwa akizunguka kwanza, anatazama nyasi zimelalia upande gani, ajue maji ya mvua hupita wapi.

Mjomba alikunja mchoro. Sikujua kama nimemwudhi.

Alfajiri ya siku ya pili alinipigia. Nilipofika kwenye ploti nilimkuta na vijana wawili na mzee mmoja mwenye miguu myembamba, ambaye ujana wake wote aliumaliza ndani ya visima, akipokea na kupitisha ndoo ya ngozi. Mzee alikuwa ameketi kwenye mtungi wa plastiki akiwaelekeza vijana mahali pa kuchimba. Hakuwataka wachimbe katikati ya ploti. Alionyesha pembe ya mashariki, penye majani mabichi kidogo kuliko kwingine, ingawa mvua ya mwisho ilikuwa ya miezi mingi iliyopita.

"Majani haya yanakunywa wapi?" aliuliza, bila kumlenga mtu.

Futi mbili za kwanza zilikuwa vumbi jekundu. Kisha ikaja chokaa, sururu ikawa inalia. Vijana wakapokezana. Kwenye kimo cha kifua sauti ilibadilika. Badala ya mlio wa chuma kwenye jiwe ikawa mlio mzito, mfupi, kama mtu anayegonga gunia la unga. Kijana akainama akatoa kipande cheupe, akakibonyeza, kikaacha alama ya ukucha. Akakipitisha juu. Mzee akakitia ulimini, akakitema, akampa mjomba.

Mjomba alikigeuzageuza. Kisha akamwomba mzee ainuke kwenye ule mtungi, akaufungua. Ulikuwa na lita ishirini, maji ya kununua, katika msimu ambao boza ya maji ikichelewa siku moja watu hawafui nguo. Kijana akapanda juu. Mjomba akamimina taratibu, ukutani mwa shimo, mpaka tone la mwisho.

Tulisimama sote tukiangalia chini. Maji yalitulia kidogo, yakiwa na povu jeupe pembeni. Kisha yakaanza kuzunguka upande mmoja, polepole, kuelekea kwenye pembe ya mashariki, yakapungua, yakapungua, sakafu ya shimo ikaonekana imelowa na kung'aa, na palipokuwa na maji pakawa na tundu lisilotosha hata ngumi.

"Yameenda wapi, abti?" mjomba akauliza.

Mzee alikuwa amekwisha kulala kifudifudi ukingoni, sikio lake likiwa chini, mkono mmoja umeinuliwa ili tunyamaze. Mjomba akamtuma kijana dukani kwake alete mtungi mwingine.